Nilimwambia Abadilishe Jina Langu Tu

Mimi ndiye mwenye kosa. Naanza hapo ili usipoteze muda kunitafutia kisingizio, maana nimeshavipekua vyote na kila kimoja nimekikuta kimeoza. Watu wawili wamekufa, na mmoja amekatwa vidole gumba vyote viwili, kwa sababu ya ukurasa mmoja niliouandika mimi. Ukurasa wa kuomba kazi. Kazi ya kuandika programu za kompyuta, tena ile ya wanaoanza, ambayo hata ukiipata unakaa karibu na mlango.

Sitasema jina langu. Utaelewa mbele kidogo kwa nini majina yananitia kichefuchefu.

Nakaa mtaa wa Songo, hapa mjini Uvira, kwa mama. Nilisoma informatika miaka mitatu nikatoka na diploma, pamoja na kompyuta ya mkononi ambayo betri yake ilikwisha kufa. Inawaka tu ikichomekwa ukutani, na ukuta wetu una umeme siku unapojisikia. Hata hivyo nilijenga kitu kimoja cha kweli, na nilikijenga kwa hasira.

Dada yangu ameolewa Luvungi. Mume wake, Minani, ni motari: anabeba watu kwa pikipiki katika barabara ya tambarare ya mto Ruzizi, ile ya kwenda Bukavu. Siku moja alikuwa amembeba dada yangu, mimba ya miezi sita tumboni, wakakuta mti umelazwa barabarani, na watu wa bunduki nyuma ya mti. Walitaka simu. Dada alichelewa kuitoa. Mmoja akamgonga mgongoni kwa kitako cha bunduki, mara moja, kama mtu anayefunga mlango. Mtoto alitoka usiku uleule. Alikuwa wa kiume. Minani alimzika mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika programu. Ndogo sana, imejaa makosa ya mwanafunzi. Motari akipita kwenye njia anatuma meseji ya namba moja tu: moja, njia iko wazi, mbili, imefungwa, tatu, wanapiga risasi. Kompyuta inapokea, inawatumia wote waliojiandikisha. Basi. Lakini wachuuzi wa mchele, wanafunzi, akina mama wa kwenda hospitali, wote walianza kuangalia simu kabla ya kupanda pikipiki. Kuna watu waliobaki nyumbani siku ambayo wangekufa. Hilo nalijua, na nilijivuna nalo kimyakimya.

Waliotuma habari walikuwa wachache. Wa kwanza ni Minani. Mwingine ni Mama Espe, mjane aliyeuza chai na mikate Bwegera, kando kabisa ya barabara, aliyekuwa akiona kila kinachopita. Siku Minani alipokubali kutuma, aliniwekea sharti moja tu.

“Shemeji, minye nitatuma. Lakini jina yangu usiiandike fasi yoyote. Ata mu simu yako, niite namba tu.”

Nikamwapia. Niliapa kwa kaburi la baba.

Kisha lilikuja tangazo la kazi.

Kampuni moja ilikuwa inafungua ofisi hapa mjini, karibu na ziwa. Walitafuta vijana wawili wa kuandika programu, wasio na uzoefu. Hawakutaka diploma tu. Walitaka ukurasa wa kujieleza: wewe ni nani, umejenga nini, na ni nani anayekitumia. Niliisoma ile sentensi ya mwisho mara kumi. Nani anakitumia!

Nilianza kama wote wanavyoanza. Mimi ni kijana mwenye bidii, mwaminifu, ninayependa kufanya kazi na wenzangu. Niliibeba kwenye karatasi mpaka kwa Ya Sifa, yaani dada Sifa, mwanamke mwenye sekretaria, kile kibanda cha kompyuta na mashine ya kutoa karatasi ambako nusu ya mji huenda kupigiwa barua. Kwangu umeme ulikuwa umekatika siku tatu.

Ya Sifa alipiga mistari miwili, akasimama, akaweka mikono mapajani.

“Hii barua niliisha kuipiga mara mingi,” akasema. “Iko ya kila muntu. Weye uko wapi ndani?”

Waliokuwa wakingoja foleni wakacheka. Mmoja akasema hata yeye ni mwaminifu na mwenye bidii, ndiyo maana hana kazi tangu mwaka juzi. Nikaona aibu. Ya Sifa akaniambia nikae kwenye benchi, nisahau maneno makubwa, niandike kitu ninachokifanya kweli na watu wanaokitumia kweli.

Nikakaa. Nikaandika. Ndugu yangu, sijawahi kuandika vile! Maneno yalikuja kama maji ya Ruzizi wakati wa mvua, mekundu, yamebeba kila kitu. Barua iliandikwa kwa Kifaransa, lakini kwa Kiswahili sehemu ile inasema hivi:

“Programu yangu haikai kwenye kompyuta, inakaa barabarani. Minani, motari wa Luvungi mwenye pikipiki nyekundu, ndiye jicho la kwanza la njia. Kila asubuhi yeye hutuambia kama tutaishi. Mama Espe, muuza chai wa Bwegera, huona magari ya wenye silaha kabla ya mtu yeyote, na kidole chake kimoja kimeokoa watu wengi kuliko bunduki zote za tambarare.”

Naiandika hapa kama ilivyokuwa, sijapunguza neno.

Nilikumbuka kiapo? Nilikikumbuka. Usiniulize kama nilisahau, sikusahau. Nilisema moyoni: ni watu wa kampuni tu watakaosoma. Watu wenye suti. Nilisema pia kwamba bila majina wataniona mwongo, kwa sababu kila mtu siku hizi anadai amejenga kitu. Jina ni ushahidi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilikuwa na haraka ya kujiamini.

Ya Sifa aliisoma kwa sauti mbele ya foleni yote. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Sasa ujue desturi moja ya hapa kwetu. Barua nzuri haifi. Mwenye sekretaria anaibakiza ndani ya kompyuta yake na kuiita modeli. Akija mwingine anayetafuta kazi, anafungua ile modeli, anabadilisha jina, anabadilisha shule, anatoa karatasi. Nusu ya walimu wa huku wameingia kazini kwa barua moja ileile. Hakuna anayeona vibaya. Kuwa modeli ni heshima.

“Uniachie nibakie nayo,” Ya Sifa akasema. “Ikuwe modeli.”

Kifua kikanijaa. Mimi, modeli! Wote walikuwa wananitazama.

Nikamwambia, “Sawa. Badilisha jina yangu tu.”

Jina langu. Nilihofia mtu mwingine apeleke barua yenye jina langu, nionekane nimeomba mara mbili. Hilo ndilo nililolifikiria. Jina la Minani lilikuwa palepale, mstari wa nne, na la Mama Espe mstari wa sita, na macho yangu yalipita juu yao kana kwamba ni samani.

Nilipeleka barua yangu. Nikangoja.

Mwezi haukuisha. Asubuhi ya Jumamosi simu yangu ilianza kulia tangu saa moja. Hakuna aliyekuwa ametuma kitu kutoka njiani. Si moja, si mbili, si tatu. Watu wakauliza: namba moja yuko wapi? Walimjua Minani kwa namba hiyo tu. Nikafikiri ni mtandao. Nilikuwa bado napiga mswaki.

Mama Espe walimfuata kwenye moto wake wa chai. Wateja walikuwepo, walisimulia baadaye. Watu wanne, mmoja akiwa na karatasi iliyokunjwa. Alimwuliza kwa upole kama yeye ndiye Mama Espe muuza chai. Akajibu ndiye, akadhani wanataka kunywa, akaanza kuosha vikombe. Yule akamwambia aonyeshe kidole chake. Mama Espe hakuelewa. Akanyoosha mkono mzima, umelowa, wenye povu. Wakampiga risasi mkononi kwanza. Kisha wakamwagia sufuria yake mwenyewe, chai inayochemka, kichwani, na alipoanguka wakampiga risasi nyingine mbili, moja shingoni. Vikombe havikuvunjika hata kimoja. Kila aliyesimulia alitaja vile vikombe, sijui kwa nini.

Minani walimngojea mbele, kati ya Bwegera na Luvungi. Hawakuhitaji kuuliza, pikipiki ilikuwa nyekundu. Walimlaza tumbo juu ya tangi la mafuta, bado lina moto wa safari, wawili wakashika mikono yake. Wakamsomea karatasi. Kisha wakamkata kidole gumba cha kulia kwa panga, na cha kushoto. Panga lilikuwa butu, cha kushoto walipiga mara tatu. Wakavitia vidole vyake katika mfuko wa shati lake wakamwambia sasa aandike.

Alitembea mpaka akakutana na gari la mchele. Ndilo lililomleta Uvira.

Nilimkuta hospitalini mchana, mikono imefungwa bandeji, mabunda makubwa meupe yanayolowa mekundu chini. Dada alikaa kitandani miguuni kwake, halii, anampepea inzi. Minani aliponiona alianza kuongea haraka, kama mwenye homa.

“Walikuwa na karatasi, shemeji. Walinisomea. Muliandikwa ati minye niko jicho la kwanza la njia.”

Jicho la kwanza la njia.

Sauti yangu ilikuwa ndani ya mdomo wake. Sentensi yangu nzuri! Nilishika chuma cha kitanda. Nakumbuka ubaridi wake mpaka leo.

Akauliza nani angeweza kuandika kitu kama hicho. Dada akasema ni shetani. Minani akafikiri, macho juu ya dari, halafu akasema pole pole, “Itakuwa Bukuru. Hakuna mwengine.”

Bukuru alikuwa motari wa parkingi yake, kile kituo cha pikipiki cha Luvungi, kijana wa mjane mmoja mkulima wa mpunga. Waligombana mwezi uliopita kwa ajili ya abiria, wakatukanana mpaka wakashikana mashati. Na siku mbili kabla ya yale, Bukuru alipita kwenye kizuizi cha watu haohao wa bunduki bila kuguswa. Kumbe alipita kwa bahati tu. Lakini nani anaamini bahati mahali pale?

Ningeweza kusema pale. Maneno matano yalitosha: ni mimi, ni barua yangu. Nikamwambia Minani apumzike.

Nilikimbia kwa Ya Sifa. Nilimkuta peke yake. Nilipomwuliza nani alichukua ile modeli, alifikiri nataka kusifiwa, akaanza kuniambia imependwa. Kisha akaona uso wangu. Akasema kijana mmoja aliichukua akaenda nayo Bukavu kutafuta kazi. Alirudi baada ya siku mbili bila viatu, mdomo umepasuka, folda yake yenye karatasi zote imebaki kwa watu wa bunduki.

“Majina zingine ulizibadilisha?” nikamwuliza.

Akageukia kompyuta yake, akaifungua ile barua.

“Nilibadilisha ya kwako tu,” akasema. “Vile ulisema.”

Nilifuta modeli kwa mkono wangu. Nikaenda nyumbani nikazima programu. Tangu siku ile barabara haina jicho, na watu wanapanda pikipiki kama vipofu. Hilo nalo ni langu.

Jumatatu wamotari wa Luvungi walikuja kwetu Songo, pikipiki tisa, wakajaa uani mpaka mama akaficha kuku. Mkubwa wao, wanayemwita prezida, ni mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Aliniheshimu, na hiyo heshima iliniua. Alinipa kiti changu mwenyewe nikae.

“Weye njo fundi wa masini,” akasema. “Fungua ndani, utuambie ni nani alituuza.”

Nikafungua kompyuta. Siku hiyo umeme ulikuwepo! Nikaangalia mistari ya meseji ikishuka, moja, moja, mbili, moja. Vichwa tisa juu ya bega langu, vinanuka petroli. Nikasema mashine haionyeshi mambo kama hayo.

“Haionyeshe. Sawa. Lakini inasema Bukuru hapana?”

Nikaangalia kioo kana kwamba natafuta. Hakukuwa na kitu cha kutafuta.

“Haisemi hapana,” nikajibu.

Hilo ndilo jibu langu. Kila neno lake ni kweli, unaweza kulipima. Nimelirudia mara nyingi mbele ya ukuta, na kila mara linanuka.

Wakaniambia nipande nyuma ya prezida, niende nao niwe shahidi. Nikapanda. Bukuru alikuwa parkingini anabadilisha mnyororo wa pikipiki yake, mikono imejaa grisi. Alipotuona akatabasamu, akaanza kutania kwamba leo wamebeba abiria mmoja watu tisa. Wa kwanza akampiga na kofia ya chuma ya pikipiki, usoni. Nilisikia pua. Wakachukua mnyororo uleule alioushika, wakampiga nao mgongoni mpaka shati likaingia ndani ya nyama. Alikuwa anauliza, kila akipata pumzi, nimefanya nini, nimefanya nini. Mmoja akafungua mfuniko wa tangi lake, akamwaga petroli, akatia kiberiti. Pikipiki ilipolipuka wote waliruka nyuma, na Bukuru akapata nafasi, akakimbia kwenye mashamba ya mpunga, maji mpaka magotini, akianguka na kuinuka.

Prezida alisema kwa ile sauti yake ya taratibu kwamba atarudi tu kwa mama yake, na akirudi watamaliza.

Nilirudi Uvira nimekaa nyuma ya mmoja wao. Alinishusha mlangoni, akanitakia usiku mwema.

Kesho yake kampuni ilinipigia. Mwanamke mwenye sauti nzuri. Alisema katika barua zote yangu ndiyo iliyowagusa, hasa pale kwenye watu wa barabara. Nifike Alhamisi kwa mahojiano.

Sikiliza nilivyofikiri, nisikufiche. Nilifikiri: Alhamisi iko karibu. Bukuru amejificha, yuko salama. Nikisema leo, wamotari wataniua au watanivunja, na kazi imekwenda. Mama anazeeka. Nikisema Ijumaa, hakuna kilichopotea. Niliyapanga mambo ya mtu aliyejificha majini kama mtu anayepanga kwenda sokoni.

Alhamisi nilivaa shati la marehemu baba. Walikuwa watatu mezani, mmoja yule mwanamke wa simu, dirisha nyuma yao limejaa ziwa. Wakaniambia nijieleze. Nikajieleza! Nilianza na dada yangu, na mti barabarani, na mtoto. Mwanamke yule akaacha kuandika. Niliwaambia kuhusu Minani, jicho la kwanza la njia, nikasema “anatuma”, “anaona”, kana kwamba bado ana vidole. Mmoja akauliza kama wanaweza kuongea na mmoja wa watumiaji wangu. Nikasema leo wote wako njiani.

Nilitoka pale nimefurahi. Liandike hilo mahali: nilifurahi. Nilinunua Fanta baridi nikainywa nimesimama juani, na kwa muda wa chupa moja sikumkumbuka mtu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda hospitalini, maneno yamepangwa mdomoni. Minani alikuwa amekaa wima kwa mara ya kwanza. Kabla sijafika kitandani akasema, “Bukuru, wamemupata jana.”

Alirudi kwa njaa. Siku tatu katika mpunga, hakula kitu. Alikuja asubuhi kwa nyuma ya nyumba ya mama yake, na jirani akamwona. Walimburuta mpaka kwenye mfereji wa maji ya shamba. Mama yake aliwashika miguu mmoja baada ya mwingine, wakamrusha matopeni. Walitumia mawe, kwa sababu risasi hawana, na mawe yanachukua muda. Nilipokuwa nasema “jicho la kwanza la njia” mbele ya dirisha lenye ziwa, alikuwa bado hai. Nimeyahesabu masaa. Alikuwa hai.

Minani hakufurahi kuniambia. Alisema tu, kama mtu anayejitia nguvu, kwamba sasa imekwisha.

Ndipo nikasema. Nimesimama, mlango wazi nyuma yangu. Nikamwambia barua, nikamwambia modeli, nikamwambia Ya Sifa na kijana wa Bukavu. Nikamwambia Jumamosi nilijua, pale pale, kwenye chuma cha kitanda chake.

Dada alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Minani aliinuka, akanipiga kwa yale mabunda, kulia, kushoto, usoni, kifuani. Mishono ilifumuka. Damu iliyonijaa machoni ilikuwa yake. Alipiga mpaka muuguzi akamshika kiuno, na alipokalishwa alikuwa analia, lakini halilii mikono yake.

“Minye njo nilitaja Bukuru,” akasema. “Kwa kinywa yangu. Na weye ulikuwa fasi hii.” Akaonyesha mlango kwa bunda la mkono. “Mama yake anafikiri alizaa musaliti. Hakuna muntu alienda kwa kilio. Enda.”

Nikaenda. Nilipita kwanza parkingini Luvungi, kwa sababu niliona kama nikianza kwa mama wa Bukuru sitafika kwa wanaume. Nikasema yote mbele yao, naangalia lile doa jeusi ya pikipiki iliyoungua. Kisha wakanishukia. Nilipoteza meno manne mbele, mbavu mbili zilivunjika, na sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Nilitaka waendelee. Prezida ndiye aliyewasimamisha, hakuwa na huruma, aliuliza tu, “Tukimumaliza, nani ataenda kumwambia mama?”

Motari akifa, huku kwetu wenzake humsindikiza: pikipiki zote, honi zinalia, taa zinawaka mchana, mpaka kaburini. Bukuru alizikwa na mama yake na mjomba mmoja, kama mbwa wa barabarani. Basi wakapanda wote, pikipiki ishirini na zaidi, taa zinawaka, wakaniweka mbele juu ya tangi la pikipiki ya prezida, na damu yangu. Walitaka kumsindikiza sasa.

Mama wa Bukuru aliisikia ile kelele akatoka, na yule mjomba nyuma yake. Mwanamke mfupi, jembe mkononi, matope mpaka kwenye goti. Akasimama katikati ya njia nyembamba ya shamba. Prezida akazima pikipiki, wote wakazima. Akaniambia niseme. Nikasema kwa Kiswahili, na nilipoona haelewi sawasawa, mjomba akamgeuzia kwa Kirundi, sentensi kwa sentensi, mpaka Alhamisi, mpaka Fanta.

Akawaangalia wamotari. Akawaambia warudi. Prezida alipiga magoti matopeni akamwomba wapite tu mpaka kaburini, wapige honi mara moja. Akasema hapana. Akasema mtoto wake ameshazisikia pikipiki zao za kutosha. Wakageuza moja moja, wakizisukuma kwa mikono bila kuziwasha, mpaka barabara kubwa.

Mimi nilibaki. Nilimwambia anifanye anachotaka, jembe analo. Aliniangalia kinywa changu kilichovimba. Hakuninyanyulia jembe.

“Hao hawakujua,” akasema kwa Kiswahili, ili nisikie kutoka kwake mwenyewe. “Weye ulijua.”

Akarudi shambani. Kulikuwa na mpunga wa kupandikiza, na sasa hakuna wa kumsaidia.

Kampuni ilinipigia Jumatano. Nimepata kazi. Niliwaambia mtu yule wanayemtafuta hayupo, nikakata simu. Minani hajaniita shemeji tangu siku ile. Dada hapokei simu yangu. Ya Sifa amefunga kibanda chake, na watu wanalalamika hawana pa kupigia barua.

Kwa hiyo wewe unayekaa sasa hivi mbele ya ukurasa mweupe wa kujieleza, unayetaka waone kwamba wewe si kama wengine, nakuomba. Eleza mikono yako. Eleza makosa ya programu yako, usiku uliolala bila kuyatatua, vitu unavyovijua na usivyovijua. Ukinyimwa kazi kwa sababu hukutaja mtu, nyimwa. Nenda kauze ndagala, dagaa wa ziwa, nenda kalime. Mtu aliyekuamini si pambo la barua yako.

Na kama umeshamwandika, na karatasi imeshatoka mikononi mwako, usingoje siku inayokufaa. Inuka hapo ulipo, hata kama umeketi kwenye kiti cha mahojiano na wanakutabasamia. Inuka, toka nje, ukaseme. Huenda bado yuko majini, amejificha, ana njaa, na yuko hai.